Wimbo na Deni la Ushuhuda

Je, mwimbaji ana haki ya kuyaanika hadharani mabaya ya watu wanaojulikana? Swali hili si geni kwetu, maana tangu zamani nyimbo zetu zimesifu na zimeaibisha. Twaona mfano unaofaa kulipimia ni maisha ya Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi wenye asili ya utumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akitembeza vyungu kuviuza, na inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ndiyo iliyoanza kumtangaza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa ala. Taarabu, iliyopata kuwa pambo la jumba la Sultani na kuimbwa kwa Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya mtukufu na kabwela. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950.

Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni "Kijiti". Wimbo huo wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akachukuliwa matembezini, akauawa. Kijiti, aliyemuua, alitoroka akavuka bahari. Na kesi ilipofika mbele ya jaji, adhabu iliwaangukia wanawake waliosimama mashahidi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja akafa, na wenyeji waliosema wakafungwa.

Wako watakaodai kwamba kuimba habari ya namna hiyo ni umbea uliotiwa vinanda. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Anayetajwa katika wimbo hana wakili, wala hana pa kukata rufani. Na wimbo ukishapendwa haurudi tena kinywani mwa mwimbaji. Aidha, tukumbuke kwamba "Kijiti" ni jina la muuaji. Yeye amebaki midomoni mwa watu, na aliyeuawa tunamkumbuka kuwa ni mgeni tu.

Hata hivyo, twaamini kwamba umbea na ushuhuda ni vitu viwili. Mmbea hutafuta kicheko, naye humwendea mnyonge kwa sababu hana wa kumtetea. Shahidi huyasema yale ambayo wenye nguvu wangependa yasahauliwe. Katika Unguja iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza, mwanamke wa ukoo wa Siti hakuwa na kiti katika baraza lolote la hukumu. Alikuwa na sauti, akaitumia kuwasemea wenziwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na jamii inayoficha dhuluma yake hujiumbua vivyo hivyo.

Basi, kwa vijana wetu wanaotamani kutunga, twapendekeza kipimo kimoja. Kabla ya kuimba msiba wa mtu, mtunzi na ajiulize: je, naweza kuuimba wimbo huu mbele ya mama wa marehemu, nisiinamishe macho? Akiweza, na auimbe kwa sauti kuu, hata kama mahakama imekwisha kufunga jalada. Asipoweza, na aufumue, autunge upya.