Ukitoa Gongo, Toa na Nauli ya Kocha

Septemba 2014 kundi la wanakriketi lilipanda Kilimanjaro na kucheza mechi ndani ya kreta, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari, mpaka mawingu yakawafunika. Tuliosikia habari hiyo tulicheka: Wazungu wakikosa kazi hupanda mlima na gongo. (Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa Afrika Kusini, naye alikuwemo, kwa hiyo hata mzaha wetu haukuwa sahihi.) Kumbe ilikuwa mechi ya hisani, na sehemu ya fedha ilikuwa ya kujengea Rwanda uwanja wa kriketi.

Wakati huo wachezaji wa Kigali walitegemea uwanja wa Kicukiro, kwenye eneo lililokuwa shule ya ufundi ya ETO. Hapo ndipo watu zaidi ya 2,000 walipokimbilia wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, askari wa Umoja wa Mataifa wakaondoka, wakaachwa mikononi mwa wauaji. Vijana walijifunza kurusha mpira juu ya ardhi hiyo. Mvua ikinyesha, mazoezi yamekwisha.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba Wanyarwanda wenyewe hawakukaa kusubiri wafadhili. Mei 2016 nahodha wao, Eric Dusingizimana, mhandisi kwa kazi yake, aliingia kwenye nyavu za mazoezi jijini Kigali akapiga mipira kwa saa 51, kuchangisha fedha za uwanja huohuo. Siku mbili na zaidi, miguu imevaa pedi, watu wanapokezana kumrushia! Akaweka rekodi ya dunia. Oktoba 2017 uwanja wa Gahanga ukafunguliwa, na jengo lake la matao lililoezekwa kwa vigae vya udongo wa hukohuko.

Januari 2023 wasichana wa Rwanda walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 nchini Afrika Kusini. Henriette Ishimwe aliangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo, Zimbabwe ikalala kwa tofauti ya mikimbio 39. Siku chache baadaye West Indies nao wakafungwa. Uwanja peke yake haukuwashinda West Indies, najua. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 12 Gahanga ilipofunguliwa alikuwa na mahali pa kwenda kila wiki, na mtu wa kumrekebisha mkono.

Sisi Wakenya tulikuwa mbele mno. Mwaka 1996 tuliwapiga West Indies kule Pune, na mwaka 2003 nahodha wetu Steve Tikolo akatufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tukashangilia mpaka sauti zikakauka, halafu wale waliostaafu hawakupata wa kuwapokea. Mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Wapo wanaolaumu siasa za viongozi, na wana haki. Mimi nawatazama watoto.

Katika stoo ya shule moja ninayoifahamu kuna begi la vifaa vya msaada. Magongo ni ya mtu mzima. Pedi, mtoto wa darasa la tano akizivaa, zinamfika mapajani na hawezi kukimbia. Mwalimu aliyeujua mchezo alihamishwa, begi likafunikwa na viti vibovu. Siku ya kulikabidhi palikuwa na hotuba, soda na picha nyingi. Aliyetoa alitoa kwa moyo safi, ila hakuna aliyemuuliza kocha anakaa wapi na anafikaje uwanjani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukialikwa kwenye mechi ya hisani, nenda, toa, furahi. Kisha umshike pembeni mwandaaji umuulize maswali mawili: nani atawafundisha watoto hawa mwaka ujao, na nani atamlipa? Asipokuwa na jibu, mchango wako uelekeze huko.