Makao ya Nia Mbaya: Neno "Malice" na Mauaji ya Wazee Kisii

Neno la Kiingereza "malice" lina nasaba ya Kilatini: malitia, yaani ubaya, nalo lilipitia Kifaransa cha kale. Anayelitafutia kisawe katika Kiswahili hukutana na viungo vya mwili. Kijicho hutokana na jicho. Kinyongo hukumbusha nyongo. Fundo hukaa moyoni. Katika Ekegusii, lugha ya Kisii na Nyamira, wivu ni endamwamu, tumbo jeusi. Lugha zetu, basi, huipa nia mbaya makao ndani ya mtu, mahali asipoweza kuchungulia jirani yeyote.

Hapo ndipo penye hatari. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto katika eneo la Gusii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wazee wanne wakauawa Marani kwa tuhuma zizo hizo. Kumwita mtu omorogi, mchawi, ni kudai kwamba umelisoma tumbo lake: mtoto amekufa, fulani alikuwa na kijicho, basi ndiye. Sisi wahakiki tunaijua kasoro hii. Ni ile ya mwanafunzi anayemhukumu mhusika kwa nia ambayo matini haikuidokeza popote. Ila mhusika wa riwaya hafi kwa usomaji mbovu.

Sheria ya Kenya imeshika njia nyingine. Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu kinafafanua "malice" ya muuaji pasipo kudai chuki: yatosha kwamba alikusudia kuua au kujeruhi vibaya, au alijua kuwa tendo lake yamkini litaua. Wapo wanaouona huu kuwa ukavu wa kikoloni. Siafikiani nao. Aliyewasha kiberiti akiamini anauokoa ukoo wake huenda hana kinyongo hata chembe, lakini "malice" anayo. Bibi kizee mwenye kinyongo cha kweli kwa jirani aliyemmegea shamba hana, maana hakutenda lolote. Atakayejibu kwamba kwa imani ya wenyeji kijicho chenyewe ni tendo, na atuonyeshe tendo hilo, si jicho.

Mfasiri wa kifungu hicho akiandika "chuki" atampa muuaji utetezi. "Kusudio" naliona linafaa zaidi, ijapokuwa ule ubaya wa Kilatini unapotelea njiani.