Mchirizi wa Paa na Haki ya Jirani



Tulipofika Malinya, katika Kakamega, ndugu yetu mmoja alitukaribisha kwake akatuonyesha chumba alichokiongeza. Huko mvua ni nyingi mno. Tukaona paa jipya limevuka mpaka, na maji yake yote yamwagikia ukuta wa udongo wa jirani, nao umeanza kumomonyoka. Tulipomuuliza alijibu: "Kubomoa ni hasara, na jirani mwenyewe si Muislamu."

Jawabu hili lilituhuzunisha, na hapa pwani pia twalisikia.

Si kila kosa la ujenzi lazima libomolewe. Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla ya Utume, mali ya halali iliwapungukia, wakaiacha nje sehemu ya Hijri. Mtume (s.a.w.) alimweleza Bibi Aisha kwamba angependa kuirudisha juu ya misingi ya Nabii Ibrahimu, lakini aliacha kwa kuchelea nyoyo za watu wake, kwani ndio kwanza wametoka katika ujahili. Kosa lile halikumdhulumu jirani, na kulirekebisha kungezaa fitina.

Ama paa libomoalo ukuta wa mwenzio, hiyo ni dhulma. Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana, na haki ya jirani haiangalii dini yake.

Basi chumba kikiwa kibaya machoni tu, stahamili. Lakini dirisha lako likichungulia ua wa watu, lizibe. Na paa lako likiwamwagia maji, likate leo. Hasara ya mabati ni nyepesi kuliko hesabu ya Kiyama.

Wabillahi tawfiki.