Mikono Iliyotetemeka



Katika Zaburi ya 32 Daudi aeleza kwamba alipoificha dhambi yake, mwili ndio ulioanza kulalamika, hata mifupa. Sisi tuliofundisha elimu ya afya twaijua njia yake. Mtu akishikwa na hofu, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, mate hukauka, viganja hutoka jasho, tumbo husokota. Mungu aliuumba mwili hivyo ili tuweze kumkimbia simba. Lakini mwili hautofautishi simba na mwalimu mkuu.

Binadamu amejaribu tangu kale kuufanya mwili uwe shahidi. Huko India zamani mshtakiwa alipewa mchele autafune, akatazamwa kama kinywa kimekauka na viungo vinatetemeka. Mwaka 1921 John Larson, polisi wa mji wa Berkeley huko Marekani, alitengeneza mashine ya kupima msukumo wa damu na pumzi za mtu anayehojiwa. Mchele na mashine hupima jambo moja tu, nalo ni hofu, na asiye na hatia naye huogopa. Mwaka 2003 baraza la wanasayansi wa nchi hiyohiyo lilieleza kwamba mashine za namna hiyo hazitoshi kutegemewa katika kuwachuja wafanyakazi wa usalama. Wala Maandiko hayakutuficha. Eli, kuhani mzima, aliitazama midomo ya Hana akasema mwanamke huyu amelewa. Naye Gehazi alisimama mbele ya bwana wake Elisha akamjibu uongo bila kigugumizi.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, fedha za wanachuo zilipotea bwenini. Tuliwaita vijana watatu. Mmoja alitetemeka mikono, akashindwa kumeza mate, akainamisha macho. Tukasema, ndiye. (Macho chini! Nasi wenyewe tulilelewa tusimkazie mkubwa macho.) Akarudishwa kwao muhula mzima. Baadaye fedha zilikutwa kwa yule aliyetujibu kwa utulivu, tena akitabasamu.

Kijana alirudi darasani. Hatukumwomba radhi. Tulijiambia kwamba mwalimu akimwomba mwanafunzi radhi, heshima ya chuo itashuka. Basi miaka ikapita, na kila tuliposikia jina lake tumbo lilisokota, na usingizi ukakatika saa nane za usiku. Tulikunywa dawa za tumbo, zikasaidia kidogo. Na kila Jumapili tulipiga magoti pamoja nanyi, tukasema Maungamo yote kwa sauti nzuri ya mwalimu, wala mikono haikutetemeka hata kidogo. Jambo hili ndilo lililotutisha kuliko tumbo.

Kwaresima ya mwaka jana tulifunga safari kwenda kwake. Sasa naye ni mwalimu mkuu, ana mvi. Tulipobisha hodi mlangoni mikono yetu ilitetemeka mpaka fimbo ikaanguka. Aliiokota, akatutazama, akasema, “Shikamoo Mwalimu. Unaumwa?” Akatuletea kiti na maji. Tulikunywa kwanza, maana ulimi ulikuwa umegandamana na kinywa, ndipo tukaweza kumwambia lililotuleta.