Deni la Mlango Uliofungwa

Kumlisha mnyama kunaonekana kazi ndogo, isiyohitaji falsafa. Kilichobaki sufuriani kinamwagwa kwenye kisahani, paka anakula, maisha yanaendelea. Lakini kwenye kisahani hicho mna swali zito: nikimpenda kiumbe, nimpe nipendacho mimi au anachohitaji yeye?

Watoto wengi wa madrasa huisikia mapema hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie wadudu wa ardhini. Tazama kosa lilipo. Paka wa vichochoro vya Lamu hana bwana, lakini ana panya, ana vichwa vya samaki. Deni linaanza mlango unapofungwa. Ukishamweka paka kwenye fleti ghorofa ya nne, umemnyang'anya panya wake, mjusi wake na jalala lake. Kuanzia hapo, afya yake inategemea unachokijua wewe.

Na hapo ndipo penye ugumu, maana mwili wa paka si kama wetu. Paka anahitaji taurini, inayopatikana kwenye nyama na samaki. Miili yetu hujitengenezea. Wake hutengeneza kidogo mno. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kuwa paka akiikosa, macho yake huharibika, na uharibifu ukishafika mbali haurudi nyuma. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake huko California wakaeleza habari za paka ambao mioyo yao ilitanuka na kulegea. Walikuwa wakila vyakula vya viwandani vilivyoaminika kuwa kamili! Walipoongezewa taurini, mioyo ikapata nafuu. Wenye paka wale hawakuwa wachoyo. Kisahani kilijaa kila siku, na bado paka alikuwa na njaa isiyoonekana.

Mbwa ana habari yake. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa nasaba yake. Ameishi nasi hadi tumbo likazoea vyakula vyetu. Basi ugali si tusi kwake, mradi uwe na kitoweo. Lakini makombo ya pilau, yenye vitunguu tele? Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka pia. Utamu wetu, sumu yao.

Mtu atasema: "Jirani analala na uji mtupu, wewe unahesabu taurini ya paka?" Hoja hiyo si ya kubezwa. Mtoto kwanza, hilo halina mjadala. Ila paka hakuomba kufungiwa, na aliyemfungia ameshatoa ahadi. Tena ahadi yenyewe haidai makopo ya bei mbaya. Samaki wadogo waliochemshwa na moyo wa kuku ni mwanzo mzuri. Asiyeweza hata hayo, afadhali asifunge mlango.

Kuna na yule asiyekula nyama kwa dhamira, anayetaka paka wake naye aiache. Dhamira yake naiheshimu. Lakini dhamira ni ya kwake. Macho ni ya paka. Siku hizi taurini hutengenezwa viwandani, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Hata hivyo, jibu litoke kwa daktari wa mifugo aliyempima paka, lisitoke kwenye utulivu wa roho ya mwenye nyumba.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Tumezoea kuitumia kwa watu, tukilalamika kudharauliwa. Igeuze kidogo, imhusu aliyelala kwenye mkeka wako: unampapasa, unampa jina, unampiga picha. Je, unamjua?