Zakaria Alimaliza Zamu Yake



Tarehe 3 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Blasi, askofu wa Sebaste aliyeuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4. Masimulizi ya kale yanasema alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Ndiyo maana siku hiyo padri huipishanisha mishumaa miwili chini ya kidevu cha mwamini na kulibariki koo lake. Sisi wa Kalemie huku Kongo, watu wa samaki kama mgebuka na ndagala, tunaijua hofu ya mama wa mtoto yule bila kufafanuliwa. Siku 10 baadaye, tarehe 13 Februari, dunia huadhimisha Siku ya Redio, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011. Juma hili ninaziweka siku hizi mbili pamoja, kwa ajili ya makoo ambayo mji mzima unayategemea: makoo ya watangazaji wetu.

Kipindupindu kinaporudi, na kwetu hakikai mbali, ni nani anayetuhimiza tutibu maji ya kunywa, asubuhi na jioni, hadi tunachoka kumsikia? Watwa na Waluba walipopigana, na maelfu ya watu wakakimbilia kandokando ya mji huu, redio ndiyo iliyopaswa kuzima uvumi kabla haujawa panga. Radio Okapi ilianza kusikika nchini Februari 2002, na Kalemie ikawa na studio yake. Kuna pia redio ya taifa, redio za makanisa, redio za mitaa. Mtu akifariki, jamaa zake walio mbali wanangoja tangazo lisomwe. Msomaji hulisoma taratibu, majina yote, bila kukosea, maana anajua kuna anayelia upande wa pili.

Sasa tuseme ukweli kuhusu maisha ya msomaji huyo. Katika redio nyingi ndogo za nchi yetu hana mshahara, au ana mshahara wa jina tu. Anaishi kwa franka chache za matangazo, na kwa bahasha anayopewa baada ya mkutano wa wakubwa. Tunamlaumu kwa bahasha ile, na tuna haki, kwa kuwa habari iliyonunuliwa inaudhuru mji. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuuliza anakula nini siku isiyo na mkutano?

Na chombo chake cha kazi ni kimoja. Ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili ndogo za sauti, ambazo hugusana zaidi ya mara 100 kwa sekunde mwanamume anapozungumza, na karibu mara 200 kwa mwanamke. Mtu anayesoma habari alfajiri, akaongoza kipindi mchana, kisha jioni akapaza sauti kuushinda mngurumo wa jenereta, nyuzi zake huota vinundu kama sugu katika kiganja cha mvuvi. Sauti inakwaruza, halafu inapwelea, halafu kuna asubuhi haitoki kabisa.

Hapo ushauri humiminika. Mmoja analeta tangawizi na asali, mwingine anasema apige lutuku kidogo, pombe yetu kali, koo lipate moto. Tangawizi inatuliza koo, ila kinachomezwa hupita njia ya chakula, hakizifikii nyuzi za sauti. Pombe kali na moshi wa sigara huzidi kuziumiza. Hata kunong'ona siyo kupumzika. Mara nyingi kunazikaza zaidi. Vinundu vingi hupungua kwa kupumzisha sauti, kunywa maji ya kutosha siku nzima na kufundishwa upya namna ya kusema bila kukaza koo. Na sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu lazima ionwe na daktari, kwa sababu mara nyingine chanzo chake ni saratani, na saratani ya zoloto ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi.

Lakini mtu anayelipwa kwa tangazo atapumzika vipi? Akinyamaza wiki tatu, watoto wananyamaza naye mezani.

Hapa ninaomba tufungue Injili ya Luka, sura ya kwanza. Mwaka 1951 Papa Pius XII alimweka malaika Gabrieli kuwa msimamizi wa mawasiliano ya mbali, redio ikiwemo. Na ni Gabrieli huyo huyo aliyemwachia kuhani mzee Zakaria ububu. Kwa kawaida tunahubiri juu ya shaka ya Zakaria. Leo tazameni mambo mawili madogo tunayoyapita haraka. Zakaria alitoka hekaluni hawezi kusema, wakati watu wanamngojea nje, na hata hivyo Luka anasema alirudi nyumbani baada ya siku zake za utumishi kutimia. Zamu yake haikukatwa kwa sababu ya koo lake. Na mtoto wake alipozaliwa, jamaa walimwuliza jina kwa ishara, naye akaomba kibao, akapewa, akaandika.

Wenye redio, hicho kibao mnacho. Mtangazaji aliyepwelewa na sauti anaweza kuandika habari, kupanga vipindi, kuhariri sauti za wenzake, huku akiendelea kupata haki yake. Mahali pengine mtangazaji mgonjwa hakupoteza nafasi yake. Huko Washington, mwaka 1998, sauti ya mtangazaji Diane Rehm ilivurugika kwa ugonjwa unaoikaza misuli ya zoloto bila hiari. Akakaa nje ya studio kwa miezi, akatibiwa kwa sindano, akarudi kwenye kipindi chake kile kile na kukiendesha hadi 2016. Huko huko Marekani upo mfuko, Broadcasters Foundation of America, unaowapa watangazaji waliokumbwa na ugonjwa au msiba msaada wa fedha wa kila mwezi.

Sisi hatuna dola zao. Tuna utaratibu wa Mtume Paulo, ambaye aliwaagiza Wakorinto kila mmoja atenge kitu siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kukusanywa atakapofika. Michango yetu huanza mgonjwa akiwa tayari amelala, nayo huishia kwenye jeneza. Kwa hiyo naziomba jumuiya zote: Dominika iliyo karibu na tarehe 13 Februari, baada ya matoleo ya kawaida, pawe na kikapu cha pili kwa ajili ya matibabu ya watangazaji. Wauguzi walio kati yetu wajitolee saa moja kwenda kwenye studio kufundisha utunzaji wa sauti. Kikapu kisiwe cha redio ya Kanisa peke yake. Mtangazaji Mwislamu, Mprotestanti au wa redio ya taifa akiugua koo, apewe sawa na wengine, bila kudaiwa cheti cha ubatizo na bila jina lake kusomwa mbele ya watu. Fedha zishikwe na walei watatu, mmoja wao awe mtangazaji, na hesabu isomwe kanisani kila baada ya miezi mitatu.

Na siku ya Mtakatifu Blasi, waalikeni watangazaji waje wabarikiwe makoo. Watakaokuwa hewani saa ya misa, padri awafuate studioni na mishumaa yake.