Mwache Mama Anyonyeshe

Mwanangu, nasikia likizo ya Agosti mnashuka Watamu kuona nyangumi. Mwende salama. Ila kutoka hapa Eldoret ni zaidi ya kilomita 800, na najua utafika na haraka ya mtu aliyelipa nauli. Kaa kwanza, unisikilize.

Nyangumi wa nundu ametoka mbali kukushinda. Anatoka kwenye bahari ya barafu, kusini kabisa mwa dunia, na huonekana pwani yetu kati ya Julai na Septemba hivi. Anafuata maji ya joto ili azae na kulea. Mimba yake ni karibu mwaka mzima, na mtoto ni mmoja tu, mwenye urefu wa mita 4 hivi. Huku kwetu ni nadra mama huyo kula chochote. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kule kusini, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayotoa maziwa. Ukimkimbiza, unamlazimisha kutumia akiba ya mwanawe, na safari ya kurudi bado inamngoja. Wewe umekulia kwenye ng'ombe wa maziwa. Unajua aliyezaa jana hakimbizwi.

Nilipokwenda mimi, nilikuwa na pupa kama yako. Tuliona mvuke mweupe ukiruka juu ya maji. Nikamwongezea nahodha pesa atusogeze. Akasita, kisha akakaza mashine. Mgongo mweusi ukaibuka, na ubavuni pake mwingine mdogo. Mama akajiweka kati yetu na mwanawe, wakazama wote wawili. Hapo nikaona aibu. Nahodha akazima mashine, akasema, "Sasa ni kungoja." Tukangoja hadi jua likatuchoma. Mwishowe waliibuka wenyewe, mbali kidogo. Mtoto alipanda kuvuta pumzi mara nyingi kuliko mama, na kila alipopanda, mama alikuwa karibu. Sikuwa nimewahi kuona malezi ya namna ile.

Mwanangu, subira hii si ya siku moja. Meli za wawindaji zilikaribia kuwamaliza nyangumi hawa. Mwaka 1963 ikapigwa marufuku kuwawinda nyangumi wa nundu wa kusini kwa biashara. Tangu hapo wameongezeka polepole, mtoto mmoja mmoja. Nguva, jirani yao wa baharini, hajapona hivyo. Majarife ya wavuvi yamemnasa miaka mingi, na leo kumwona Kenya ni nadra sana.

Basi ukifika, usiruhusu chombo kipite kati ya mama na mtoto. Msimfuate kwa nyuma, wala msimzibie njia mbele. Akizama, msimwandame. Picha ikikosekana, rudi bila picha, nitakupokea vilevile. Na usimpe nahodha pesa za kukusogeza. Mwongeze yule anayezima mashine.